Mzee Mjnari: Aliyeandikiwa Kufa ili Mtoto Aishi

Wapo watu walioishi duniani wakafa, na majina yao yasibaki. Na wapo wasiopata kuishi hata siku moja ila katika karatasi na wino, na majina yao yakazunguka dunia nzima. Mzee Mjnari ni wa kundi hili la pili. Ni mtu wa kubuniwa, na hata huko alikobuniwa si yeye aliye mbele. Katika vitabu vya katuni vya Marekani, vile vya mashujaa wenye nguvu zisizo za kibinadamu, yeye ni mtu wa pembeni: huingia katika hadithi, husema maneno machache ya hekima, kisha hufa. Lakini namna ya kufa kwake ina neno ndani yake, na neno hilo linatuhusu sisi, wa pwani na wa bara.

Msomaji asiwadharau watu wa pembeni. Waliosoma magazeti ya picha ya Lance Spearman miaka ya 1960 na 1970 wanajua kwamba Spearman asingekuwa Spearman bila ya kijana Lemmy na bibie Sonia. Shujaa huonyesha mtungaji anataka nini. Mtu wa pembeni huonyesha mtungaji anaamini nini bila ya kujijua.

BIBI WA MVUA

Hatuwezi kumweleza Mjnari bila kumtaja kwanza mwenye hadithi. Huyo ni Ororo Munroe, maarufu kwa jina la Storm, yaani Tufani. Alitokea mara ya kwanza mwaka 1975, katika kitabu cha X-Men kilichotungwa na Len Wein na kuchorwa na Dave Cockrum. Nasaba yake ni hii: mama yake, N'Daré, ni binti wa kifalme kutoka Kenya, baba yake, David Munroe, ni mpiga picha wa magazeti kutoka Marekani. Wazazi hao walikufa mjini Cairo, ndege ilipoiangukia nyumba yao, na mtoto akafukiwa na kifusi hai. Akalelewa na mwizi stadi aitwaye Achmed el-Gibar, akafunzwa kuchopoa mifukoni mwa watu, kisha akashika njia kwa miguu kuelekea kusini hadi Afrika Mashariki. Alipofika huko nguvu zake zikawa zimechipuka: akiamrisha upepo unavuma, akiamrisha mvua inanyesha. Wenyeji wakamwabudu.

Lugha yetu imo humo kwa vipande vipande. Ororo ni neno letu: kilicho ororo ni kilaini, kisichokwaruza. Shani, jina la mwanamke tutakayemkuta baadaye, ni neno letu pia: jambo la ajabu la kutazamwa. Lakini Mjnari si jina la mtu yeyote tumjuaye. Ulimi wa Mswahili hauwezi kulitamka bila kutia irabu katikati, na wa Mkamba hali kadhalika. Ni jina lililoundwa na mtu aliyesikia sauti ya Afrika kwa mbali.

KUFA KWA MJNARI

Mwaka 1984 watungaji walimvua Ororo nguvu zake. Silaha iliyotengenezwa kwa ajili ya kuzima vipawa kama vyake ikampiga, na bibi wa mvua akawa mwanadamu kama sisi. Mwaka uliofuata, katika toleo la 198 la Uncanny X-Men la mwezi wa Oktoba 1985, lililoandikwa na Chris Claremont na kuchorwa na Barry Windsor-Smith, tunamkuta akitangatanga katika nchi kavu ya Afrika. Anakutana na Shani, mwanamke mja mzito anayerudi kijijini kwao. Kijiji kimekaukiwa. Mkubwa wa kijiji ni mzee Mjnari.

Shani anajifungua, Ororo anasaidia, mtoto anapona. Ndipo mzee anapoondoka kimya kimya usiku. Ororo anamfuata na kumwuliza, naye anamweleza: ardhi haiwezi kulisha zaidi ya idadi yake. Watu wake walifuata njia za kigeni, mizani ya watu na ardhi ikaharibika, na sasa kila anapozaliwa mmoja, mmoja hana budi kuondoka. Mtoto amekuja, basi zamu ni yake. Anajilaza na kufa kwa hiari yake.

Hadithi imeandikwa kwa huruma, hilo tulikiri. Mzee hadhihakiwi. Amechorwa kwa heshima na utulivu, na Ororo anajifunza kwake kwamba mtu anaweza kuwa na thamani bila ya kuamrisha mawingu. Miaka ya 1990, mfululizo wa katuni wa televisheni ulipotengenezwa, jina la Mjnari likapewa mtoto: mvulana wa Shani ambaye Ororo alimwokoa alipozaliwa. Mzee akafutika, jina likabaki kwa aliyechukua nafasi yake. Huo ndio mwanzo na mwisho wa maisha ya mzee Mjnari.

Lakini chini ya huruma hiyo kuna hesabu, na hesabu hiyo ndiyo tunayoishitaki: kwamba Mwafrika katika ukame ni tumbo tu, na akizidi mmoja lazima apungue mmoja.

TUMPELEKE UKAMBANI

Basi tuipime hesabu hiyo mahali palipo kweli. Mama yake Ororo ni wa Kenya. Tutafute Kenya nchi inayofanana na kijiji cha Mjnari. Hatuna haja ya kwenda mbali. Tukipanda kutoka Mombasa tukaipita Voi na kufika Mtito Andei, tunaingia Makueni, na mashariki yake iko Kitui. Huko mito kama Tiva, Thua na Kaiti hujaa maji kwa siku chache, kisha hubaki njia nyeupe za mchanga. Huko mvua za vuli, za Oktoba hadi Desemba, ndizo zinazotegemewa zaidi, na zikikosa, mwaka umekosa.

Na Wakamba hawakungoja mtunzi wa Marekani awasimulie njaa. Kila njaa wameipa jina, na majina hayo ndiyo tarehe za wazee. Ile ya mwaka 1898 na 1899 iliitwa Ngomanisye, kwa kuwa ilienea kila mahali. Ile ya 1961 iliitwa Ndeke, yaani ndege, kwa sababu chakula kiliangushwa kutoka angani. Na ile ya mwaka 1984, mwaka ule ule ambao Ororo alinyang'anywa mvua yake katika karatasi, iliitwa Nikw'a Ngwete: nakufa nami nimeshika. Wameshika nini? Fedha. Mtu alikuwa na noti mkononi, lakini sokoni hamna cha kununua.

Tazama msomaji jina moja hilo lina elimu kiasi gani. Limesema kwamba njaa si mvua peke yake. Ni soko, ni ghala, ni barabara, ni serikali. Elimu hiyo imo vinywani mwa wazee. Mzee akiambiwa ajilaze afe kwa sababu mtoto amezaliwa, anakufa na kalenda yake.

MZEE NA MAJI

Tangu zamani cheo cha mzee Ukambani kilifungamana na mvua. Mmishenari Krapf, aliyefika Kitui mwaka 1849 akitokea Rabai na kupokewa na Kivoi, yule tajiri wa misafara, aliandika kwamba Mkamba hupata ukubwa kwa mali, kwa ufasaha na kwa umbo la kuheshimika, na zaidi ya yote kwa sifa ya kujua kuleta mvua. Zilikuwako sehemu za kuombea zikiitwa ithembo, chini ya miti mikubwa, na waliosimamia ni wazee, wanaume na wanawake. Sisi tulio Waislamu hatushiriki ibada hiyo. Lakini tuone jambo moja: ukame ulipokuja, mzee aliitwa mbele. Hakutolewa nje.

Na leo hali ni hiyo kwa njia nyingine. Katika Kitui na Makueni watu hujenga mabwawa ya mchanga. Ukuta wa mawe na saruji hukatiza mto mkavu, juu ya mwamba. Mvua ikinyesha, mto huleta mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hukaa ndani ya mchanga, yakichukua robo ya ujazo wake au zaidi. Jua haliyafikii, mbu hazai humo, na akina mama huchimba na kuteka miezi baada ya mvua kukatika. Kazi hufanywa kwa mwethya, ushirika wa majirani, na aghalabu wengi wao ni wanawake, wakibeba mawe na mchanga wenyewe. Kikundi cha Utooni kilianza kazi yake mwaka 1978 chini ya Joshua Mukusya. Kitui shirika la SASOL lilisaidia wananchi kujenga mabwawa kwa mamia tangu miaka ya 1990.

Sasa ukuta huo ujengwe wapi? Ukijengwa pasipo mwamba, maji yatapita chini na jasho la watu litapotea. Mhandisi ana vipimo vyake, lakini mtu wa kwanza kuulizwa ni mzee wa mtaa. Yeye ndiye ajuaye katika njaa ya mwaka fulani ni shimo gani la mchangani lililokauka mwisho, na ni wapi mkuyu umesimama kijani wakati miti mingine imepukutika. Mzee mmoja mwenye kumbukumbu anaweza kumnywesha mtoto anayezaliwa leo, na ndugu zake wote.

HESABU ILIYOKATALIWA

Hesabu ya Mjnari haikuanzia Marekani. Mwaka 1937 afisa wa kikoloni wa kuhifadhi udongo, Colin Maher, aliandika kuhusu Machakos, ambayo wakati huo ilikuwa pamoja na Makueni, kwamba nchi inageuka jangwa la mawe na mchanga na watu wake wanatumbukia katika umaskini usio na tumaini. Serikali ikasema mifugo imezidi ardhi, ipunguzwe kwa nguvu. Mwaka 1938 Wakamba kwa maelfu waliandamana hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu. Uuzaji wa ng'ombe kwa nguvu ukasimamishwa, lakini kiongozi wao akahamishwa kwa adhabu. Na alipelekwa wapi? Lamu, kwetu huku.

Kisha nini kilitokea? Mwaka 1994 wataalamu Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu juu ya nchi hiyo hiyo ya Machakos na Makueni. Walikuta kwamba watu walikuwa kiasi cha 240,000 mwanzoni mwa miaka ya 1930, nao walifikia karibu 1,400,000 mwaka 1989. Kwa hesabu ya Mjnari walipaswa kuwa wamekwisha. Badala yake mmomonyoko ulikuwa umepungua, miti imeongezeka, na mavuno kwa kila mtu hayakuanguka. Watu wengi walikuwa ni mikono mingi, na mikono ile ilichimba matuta. Njia yao moja, ya kutupa udongo upande wa juu wa mtaro, inajulikana kwa wataalamu wa kilimo duniani kwa maneno yetu ya Kiswahili: fanya juu.

Hatusemi kwamba shida imekwisha. Fedha zilizotumwa na watoto waliofanya kazi Nairobi na Mombasa zilisaidia, na soko la mazao vilevile. Kitui, iliyo kavu zaidi, haikuwamo katika uchunguzi ule. Na ukame wa mwaka 2020 hadi 2023 uliwatesa watu wa huko na mifugo yao. Lakini hakuna aliyepona ukame huo kwa sababu mzee wa jirani alikufa.

YALIYOMO KATIKA DINI

Sisi tuliosoma chuoni tungepaswa kuijua kasoro ya hadithi hii mapema. Katika Suratul Israa, Mwenyezi Mungu ameamrisha wazazi wakifikia uzee wasiambiwe hata neno dogo la kuchoshwa nao. Aya chache baadaye, katika sura hiyo hiyo, amekataza watoto wasiuawe kwa kuogopa ufukara, kwani riziki ya watoto na ya wazazi iko kwake. Mzee amelindwa na mtoto amelindwa, pahala pamoja. Hatukupewa ruhusa ya kuwaweka katika mizani moja tukaangalia nani mzito.

Na katika mwaka wa Ramada, mwaka wa 18 wa Hijra, ardhi ya Hijazi ilipokuwa kama majivu, Sayyidna Umar alifanya mambo mawili. Aliagiza chakula kutoka Shamu, kwa sababu njaa inataka ghala. Na katika kuomba mvua alimtanguliza mtu mzima, Sayyidna Abbas, ami yake Mtume (s.a.w.). Mzee alisimama mbele ya umati akiwa hai, mikono juu, na watoto nyuma yake.

Watoto wetu wa Mombasa, Malindi na Lamu wanamjua Ororo kwa filamu na kwa simu, na si haramu wakimpenda. Ni binti mwenye asili ya Kenya, jasiri na mwenye huruma. Ila tuwafundishe kuuliza: mtunzi ameiona wapi Afrika hii ambayo ina miungu wa mvua na wazee wa kufa, lakini haina mwethya, haina tuta, haina ukuta mtoni? Na wetu wenyewe, wanaochora na kutunga hapa nyumbani, waichukue kazi. Wamchore mzee wa Kitui amesimama juu ya mto mkavu na fimbo yake, akiwaonyesha akina mama mahali pa kuweka jiwe la kwanza, na mtoto mchanga mgongoni mwa mmoja wao. Mzee huyo asiitwe Mjnari. Apewe jina la Kikamba, na asife katika sura ya kwanza.