Mume naye apimwe kabla mke hajalaumiwa

Ndoa ikipita mwaka mmoja bila mimba, macho ya ukoo humwelekea mke. Yeye ndiye anayepelekwa kwa mganga, yeye ndiye anayeteta na mawifi, na yeye ndiye anayeandaliwa talaka au mke mwenza. Mume hakuna anayemuuliza.

Ndugu msomaji, hiyo ni dhulma inayofanywa kwa kutojua. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza ugumba kuwa ni kukosa mimba baada ya miezi 12 au zaidi ya kukutana mara kwa mara bila kinga. Katika takriban nusu ya ndoa zenye tatizo hilo, mume huwa na sehemu yake, peke yake au pamoja na mkewe. Wala nguvu za tendo la ndoa si ushahidi: mwanamume mwenye afya tele aweza kutoa manii yasiyo na mbegu hata moja.

Kwa mume wa Nanyala, wilayani Mbozi, safari huanzia kituo cha afya, kisha rufaa ya kwenda Vwawa au Mbeya. Daktari humuuliza historia yake, humkagua korodani, kisha huagiza kipimo cha manii. Mume hujizuia siku 2 hadi 7 kabla ya kipimo, na sampuli hupaswa kufika maabara ndani ya saa moja. Kwa hiyo aliye mbali asiitoe nyumbani. Asafiri na mkewe, aitoe karibu na maabara kwa msaada wake, jambo linalomwondolea pia shaka ya kisheria.

Mwongozo wa WHO wa mwaka 2021 unataja mbegu milioni 16 kwa mililita kuwa kiwango cha chini cha kulinganishia. Aliye chini ya hapo asikate tamaa, kwani bado anaweza kuzalisha. Kipimo hurudiwa, maana mbegu huchukua takriban miezi miwili na nusu kutengenezwa, na homa kali ya wiki zilizopita yaweza kuzipunguza.

Sababu ni nyingi: mishipa ya damu iliyovimba juu ya korodani, kisonono kisichotibiwa, matubwitubwi ya ukubwani, sigara, na sindano za homoni za kukuza misuli. Joto la muda mrefu na baadhi ya dawa za kuulia wadudu nazo zimehusishwa na upungufu wa mbegu. Dereva wa lori la Tunduma na mkulima wa kahawa wamweleze daktari kazi yao. Mishipa hupasuliwa, maambukizi hutibiwa kwa dawa, na sindano hizo huachwa.

Zikishindikana zote, tangu mwaka 1992 mbegu moja tu yaweza kuingizwa ndani ya yai maabara. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao cha Amman mwaka 1986, lilikwisha kuruhusu utungishaji wa maabara pale panapokuwa na haja, kwa mbegu ya mume na yai la mkewe ndani ya ndoa, na likakataza mtu wa tatu.

Surat Ash-Shura inatufundisha kwamba watoto ni kipawa cha Mwenyezi Mungu, na kwamba humfanya tasa amtakaye. Nabii Zakariya (a.s.) aliomba mtoto uzeeni bila kumtupia mkewe lawama. Basi kabla ya kutamka talaka, mume na apande gari pamoja na mkewe, wakapimwe wote wawili.