Nakawa na Bugolobi: Ahadi si hati

KAMPALA. Wafanyabiashara wanaoshusha mizigo sokoni Nakawa wanalijua eneo la Nakawa–Naguru, palipokuwa na nyumba za umma za kupangisha zilizojengwa enzi za ukoloni.

Mwaka 2007 uliwekwa mkataba na mwekezaji wa kujenga mji mpya hapo. Wapangaji, familia 1,747, waliahidiwa nafasi ya kununua makao humo. Julai 2011 nyumba zilibomolewa. Miaka ikapita, familia zimetawanyika, mji haujakamilika.

Jirani, Bugolobi, mambo yalikwenda vingine. Wapangaji wa maghorofa ya Shirika la Taifa la Nyumba waliuziwa makao waliyoishi. Sheria ya mwaka 2001 ikaruhusu kila fleti kuwa na hati yake, hivyo mwenyewe anaweza kuiuza au kuiwekea rehani benki.

Tofauti ni karatasi: Bugolobi walishika hati, Naguru walishika ahadi.

Kwa Mkenya au Mtanzania anayetaka makao Kampala, sheria humruhusu kukodi ardhi kwa muda usiozidi miaka 99, si kuimiliki moja kwa moja. Hati ikaguliwe ofisi ya ardhi kabla ya pesa kutoka mfukoni.