Mzazi, iache hiyo chupa ya dawa iliyobaki

Mtoto ameamka usiku akikohoa. Kamasi zinamtiririka na mwili una joto. Unakumbuka kuwa kabatini mna chupa ya amoksilini iliyobaki dada yake alipougua mwezi uliopita. Unamnywesha kijiko kimoja, kisha unarudi kulala ukiwa umetulia moyo.

Mzazi mwenzangu, nia yako ni njema lakini huenda umemkosea mtoto. Mafua na vikohozi vingi vya watoto huletwa na virusi, ilhali antibiotiki huua bakteria pekee. Hata kuharisha, mara nyingi hakuhitaji dawa hizo. Anayeharisha mpe maji ya ORS na zinki kwa siku 10 hadi 14, na usiache kumnyonyesha wala kumlisha.

Isitoshe, dawa ya unga iliyokwisha kuchanganywa na maji huharibika baada ya siku chache. Kipimo nacho hutegemea uzani wa mtoto, wala si kijiko cha jikoni.

Hatari kubwa zaidi ni hii: dawa ikitumiwa ovyo, bakteria dhaifu hufa, wale sugu hubaki na kuzaana. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka wa 1928, alitoa onyo hilo mwaka wa 1945 alipopokea Tuzo ya Nobel. Watafiti wanakadiria kwamba mwaka wa 2019 bakteria sugu waliua watu milioni 1.27 duniani. Mmoja kati ya kila watano alikuwa mtoto wa chini ya miaka 5.

Je, kikohozi cha hatari utakijuaje? Mtoto akiwa ametulia, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Zikifika 50 kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, huenda ni nimonia. Ukiona pia kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, anashindwa kunyonya, au ana degedege, mkimbize hospitalini. Mchanga wa chini ya miezi 2 mwenye homa asingojewe kamwe. Hapo antibiotiki huokoa maisha.

Ukiandikiwa dawa, uliza: ni ya nini, mara ngapi kwa siku, kwa siku ngapi? Kisha fuata hivyo hivyo, hata mtoto akianza kucheza siku ya pili.

Na ile chupa ya kabatini? Irudishe kwenye duka la dawa, uulize itupwe vipi.