Kidonda cha Mdomo Kilichokataa Kupona

Mawingu yakitawanyika, mtu aliye Matulo, kule Webuye, huuona Mlima Elgon upande wa kaskazini. Watu wa Bungoma na Kitale huujua mlima huo kwa viazi na vitunguu. Wataalamu wa vimelea wanaujua pia kwa mapango yake. Humo hujificha pimbi, na pimbi huweza kubeba leishmania, kimelea kinachoenezwa na usubi, mdudu mdogo kuliko mbu tena asiyevuma. Katika miaka ya 1970 mtafiti M. J. Mutinga aliandika kuhusu usubi hao na wanyama wa Elgon wanaohifadhi kimelea hicho. Aliyelaza mifugo pangoni, au kulala humo mwenyewe, aliumwa bila kujua.

Kwanza hutokea kipele usoni, hakiumi sana, nacho hukaa miezi mingi. Kikiota karibu na pua au mdomo, mara chache maradhi huingia ndani. Mdomo huvimba, ngozi laini ya ndani huchimbika.

Hapo ndipo mgonjwa huanza kuzungushwa. Leo dawa ya kusukutua, kesho antibayotiki, keshokutwa jino zima linang'olewa bure. Simlaumu tabibu wa zahanati, kwa kuwa saratani, kifua kikuu, kaswende na ukoma navyo huweza kuleta kidonda kama hicho. Macho peke yake hayatoshi.

Kinachohitajika ni kinyama kidogo kutoka ukingoni mwa kidonda, si katikati palipooza. Hupakwa kwenye kioo, hutiwa rangi ya Giemsa, kisha hutazamwa kwa hadubini inayokuza mara 1,000. Ndani ya seli huonekana vidude vya mviringo, na katika kila kimoja mna nukta mbili za zambarau: moja nene, ya pili kama kijiti. Madaktari Leishman na Donovan waliwaeleza walimwengu umbo hilo mwaka 1903. Tatizo ni kwamba mdomoni vimelea huwa haba, hivyo kioo kisichoonyesha kitu hakimalizi shauri. Kinyama kipelekwe maabara kubwa kikapimwe vinasaba. Nacho kile kipimo cha haraka cha damu cha kala-azar (leishmania ya viungo vya ndani), kinachotumika Pokot na Baringo, si cha kutegemewa kwa kidonda cha namna hii.

Dawa zipo, ila ni kali na hutolewa hospitalini baada ya ugonjwa kuthibitishwa. Ukiwa na kidonda mdomoni kilichopita wiki tatu, nenda ukapimwe, na mwambie daktari mahali ulipoishi na ulipolala, hata kama ni miaka miwili iliyopita.