Baridi ya Julai Yaandikwa Daftarini

Wakazi wa Thika na Ruiru wakijikunyata kwa baridi ya Julai, katika vituo vya utafiti wa kilimo kuna mtu anayetoka saa tatu asubuhi kufungua kisanduku cheupe cha mbao. Ndani mna vipimajoto; kando yake, chombo cha kupimia mvua. Mwisho wa mwezi mvua hujumlishwa na joto hutafutiwa wastani.

Kazi ya kuchosha? Muulize mkulima wa kahawa! Ule ugonjwa unaoozesha buni changa, ulioonekana Kenya mwaka wa 1922, hupenda baridi na unyevu. Aina ya Ruiru 11, iliyotolewa 1985, huustahimili. Lakini mwenye mibuni ya zamani ya SL 28 hana budi kununua dawa, tena ghali, na manyunyu yakizidi humlazimu kurudi shambani na bomba mgongoni.