Ameangukaje?

Wanachama wenzetu, kila msimu ukikaribia ofisi ya Chama hushughulika na majamvi, magunia, kamba na orodha ya wachumaji, na ukurasa huu huandikwa habari za bei. Mara hii tumeona tuuache upande wa bei, tuzungumze juu ya wale wanaoanguka.

Kila mwenye shamba anajua kwamba wapo. Mikarafuu yetu mingi ni ya kale, imekwenda juu mita 10 na kupita, na tawi la mkarafuu ni jepesi kukatika hata kwa mchumaji aliyezaliwa chini ya mti huo. Na karafuu haipendi kukaa karibu na shina. Iko nchani, pale pale ambapo tawi ni jembamba. Basi mtu akianguka, watu hukimbilia, hupiga kelele, humnyanyua huyu mikono na yule miguu, na hutiwa katika gari la kwanza litakalopita. Aghalabu anayefuatana naye spitali ni ndugu aliyeitwa nyumbani, ambaye hakuwepo shambani. Daktari akimwuliza limetokea nini, hujibu neno moja tu: "Kaanguka."

Neno hilo halimtoshi daktari, na tungependa kueleza kwa nini.

Wahudumu wa magari ya wagonjwa, katika nchi ambazo kazi hiyo ina mafunzo yake, hufundishwa kusoma vitu viwili: mwili wa aliyeumia, na tukio lenyewe. Mwili ndio hutangulia. Wakifika hutazama kwanza kama iko damu inayotoka kwa wingi, na njia ya pumzi kama i wazi, na kifua kama kinapanda na kushuka sawasawa, na mapigo ya moyo, na fahamu. Hayo hayangoji habari. Lakini wakati mmoja wao anafanya hivyo, mwenzake hutupa jicho pale mahali na kuwauliza waliopo: ameanguka kutoka wapi, ameangukia nini, na kiungo gani kimetangulia kufika chini? Hufanya hivyo kwa kuwa kila namna ya kuumia ina majeraha yake, na mengi katika hayo hayaonekani kwa nje katika saa ya kwanza. Mtu aweza kuketi, akazungumza na kuomba maji, na huku anavuja damu tumboni.

Elimu hii ina historia, na sehemu yake moja inatuhusu sana sisi watu wa miti. Mwaka 1917 kijana wa Kimarekani, Hugh DeHaven, alikuwa akijifunza urubani huko Texas katika jeshi la anga la Waingereza, ndege yake ikagongana na nyingine. Alivunjika miguu na kupasuka viungo vya tumboni, na alipopona hakuacha kujiuliza kwa nini yeye kasalimika, na kwa nini hasa kaumia tumbo. Akashuku bizimu ya mkanda wake. Miaka mingi baadaye alianza kukusanya habari za watu walioanguka kutoka majumba marefu wakabaki hai, na mwaka 1942 akachapisha uchunguzi juu ya walioanguka kutoka futi 50 hadi futi 150. Aliona kwamba kilichowaokoa hakikuwa bahati tupu. Waliangukia kitu kilichobonyea, kama udongo wa bustani uliotifuliwa au paa la bati lililokunjika, na uzito wa pigo ukagawanyika katika sehemu kubwa ya mwili. Kwa maneno mengine, mtu haumizwi na kule kuanguka, huumizwa na kule kusimama ghafla.

Tutoe hesabu kidogo, maana wanachama wetu ni watu wa hesabu. Anayeanguka kutoka mita 3 hufika chini kwa mwendo wa kiasi cha kilomita 28 kwa saa. Kutoka mita 6 ni kiasi cha kilomita 39, na kutoka mita 12 ni 55, ambao ni mwendo wa gari ya abiria isiyo na haraka. Kama chini pamelimwa na majani yamejaa, mwili husimama katika masafa ya kiganja au zaidi. Kama ni jiwe au kisiki, husimama papo hapo. Masafa ya kusimama yakiongezeka mara mbili, nguvu ya pigo hupungua nusu. Ndiyo maana mhudumu huinama akagusa udongo, na asiyejua humwona kama apotezaye wakati.

Sasa tuje kwa kiungo kilichotangulia. Aliyefika kwa miguu huvunjika kisigino, na kwa kuwa kisigino humwuma mno, yeye mwenyewe na watu wote huangalia kisigino. Lakini nguvu haikuishia hapo. Imepanda gotini, ikapita nyonga, ikafika katika uti wa mgongo sehemu ya kiuno na kuubana kama mtu abanavyo kopo. Katika kila watu 10 waliovunjika kisigino kwa kuanguka, mmoja hivi huwa amevunjika na uti wa mgongo. (Madaktari wa Kizungu huliita jeraha hilo la kisigino kwa jina la wapenzi, yaani bwana aliyeruka dirishani baada ya kusikia mwenye nyumba amerudi. Sisi tunao wanaolipata kwa kazi ya halali.) Kwa hivyo mchumaji mwenye kisigino kilichovimba asisimamishwe ajaribiwe kutembea, mpaka mgongo wake utazamwe.

Aliyefika kwa ubavu ana habari nyingine. Upande wa kulia chini ya mbavu liko ini, upande wa kushoto liko wengu, na nyuma yake figo. Mbavu zaweza kuvunjika zikatoboa pafu, au wengu likapasuka na damu ikajikusanya tumboni bila ya tone moja kuonekana. Maumivu katika ncha ya bega la kushoto, kwa mtu ambaye bega lake halikugongwa, huweza kuwa habari ya wengu. Aliyetanguliza mikono huvunja vifundo. Aliyetanguliza kichwa hutiliwa shaka ubongo na shingo pamoja. Na aliyegonga matawi akishuka, kila tawi limempunguzia mwendo kidogo, lakini limemgeuza pia, na huenda likamchoma. Upembo aliokuwa ameushika nao uulizwe uko wapi.

Tusidhani kwamba sisi wa visiwani peke yetu tunatafuta riziki juu ya miti. Katika nyanda za juu za Kigoma, wilaya za Kibondo na Kasulu, ndugu zetu Waha hutundika mizinga ya nyuki juu ya miti ya miyombo, na mara nyingi huirina asali usiku, kwa moshi. Mtu wa Kumsenga katika Kibondo akianguka mtini usiku hakuna aliyeona. Hapo habari ya tukio husomwa katika vitu: mzinga uko juu au umeshuka naye, kamba imekatika au imefunguka, majani yamelala wapi. Tena lipo swali la kuuliza kabla ya yote: je, aliumwa na nyuki kwanza? Kwa maana wako watu ambao sumu ya nyuki huwavimbisha koo na kuwashusha mapigo, na mtu wa namna hiyo ana maradhi mawili, la kuanguka na la kuumwa, na la pili laweza kumwua mbele ya la kwanza. Kwetu swali hilo lina sura nyingine: tawi lilikatika, au mtu alipata kizunguzungu akaachia? Mzee mwenye kisukari aliyeanguka huenda alizimia akiwa bado juu.

Tumeitaja Kumsenga kwa sababu nyingine pia. Uchunguzi wa malaria wa Tanzania wa mwaka 2017 ulikuta malaria kwa watoto 24 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano katika mkoa wa Kigoma, na Zanzibar hakupatikana hata mmoja katika 100. Wazee wetu waliijua bandama vizuri, yaani wengu kuvimba kwa homa za mara kwa mara. Vijana wetu hawaijui. Wengu lililovimba hutoka chini ya mbavu zilizokuwa zikililinda, na ngozi yake hukazika, hata pigo dogo hulipasua. Kwa hivyo kijana wa Kumsenga na kijana wa Pemba wakianguka kutoka urefu mmoja juu ya udongo wa namna moja, si lazima waumie sawa. Baiskeli nazo zina habari hiyo hiyo. Katika vilima vile hubeba mihogo na ndizi, na mtoto akianguka mbele, ncha ya usukani ikamwingia tumboni, nje huonekana alama ndogo ya duara tu, na ndani ini au kongosho limepasuka. Asiyeuliza habari ya usukani atampa dawa ya maumivu na kumrudisha nyumbani.

Huenda mwanachama akauliza, je, urefu gani ndio wa kuogopwa? Marekani kwa miaka mingi walishika futi 20, yaani mita 6 hivi, kuwa ndio mpaka wa kumpeleka mtu mzima moja kwa moja katika spitali kubwa ya majeruhi. Katika mwongozo wa mwaka 2021 waliushusha mpaka huo hadi futi 10, mita 3, kwa wakubwa na wadogo. Mita 3 kwetu ni tawi la kwanza. Lakini mwongozo huo huo uliweka namna ya kuumia katika daraja la pili. Daraja la kwanza ni hali ya mwili wenyewe, kama pumzi, mapigo, fahamu na jeraha lililo wazi. Ni haki, kwa kuwa wako wanaoanguka kutoka juu kabisa wakaondoka na michubuko, na mzee akateleza mlangoni akavunja nyonga. Habari ya tukio humwambia mganga mahali pa kutafuta, haimwambii atakachokiona.

Wala hii si elimu ya mbali. Idara ya dharura ya Muhimbili ilifunguliwa mwaka 2010, na mwaka 2018 Shirika la Afya Ulimwenguni lilitoa mafunzo ya huduma ya dharura ambayo yalijaribiwa Uganda, Tanzania na Zambia. Humo mhudumu hufundishwa kuuliza dalili, mzio, dawa anazotumia mgonjwa, maradhi ya zamani, chakula cha mwisho, na mwisho wa yote, tukio lilivyokuwa.

Jambo la kumbeba aliyeumia tunaliona kuwa ndilo zito kuliko yote. Kumsenga mgonjwa hupakiwa pikipiki, katikati ya dereva na ndugu anayemshikilia asianguke. Huku kwetu tumewaona waliobebwa mgongoni kutoka bondeni. Mgongo uliovunjika ukikunjwa hivyo waweza kuukata uti wa fahamu, na mtu aliyekuwa akitikisa vidole vya miguu asivitikise tena. Alazwe chali juu ya ubao wa mlango au ngazi iliyotandikwa jamvi. Wamgeuze watu wanne kwa pamoja kama gogo, mmoja akishika kichwa na kufuata mwili, na mwenye kushika kichwa ndiye atoe amri. Asipewe chakula wala maji, na afunikwe nguo asipate baridi.

Kwa kuyafikiria hayo, Chama kimeamua kwamba msimu huu kila shamba lililoandikishwa liwe na msimamizi mmoja ambaye, mtu akianguka, atafuatana naye mpaka kwa daktari, au ampeleke aliyeona kwa macho yake. Tumechapa karatasi ndogo za kujazwa pale pale chini ya mti: saa ya kuanguka, urefu kwa kukisia (mtu mzima aliyenyoosha mkono ni kiasi cha mita 2, basi ahesabiwe mara ngapi), ameangukia nini, kiungo kilichotangulia, matawi aliyoyagonga, kama alizimia kabla au baada, na kama alivitikisa vidole vya miguu kabla hajanyanyuliwa. Asiyejua kuandika amweleze mwenzake aandike. Karatasi zinapatikana ofisini bila ya malipo kila siku isipokuwa Ijumaa, na majina ya wasimamizi yaletwe kabla ya mchumo kuanza.