Dakika ya Kwanza Majini: Mashua za Barafu na Pumzi ya Binadamu

Asubuhi ya Januari katika mji wa Madison, jimboni Wisconsin nchini Marekani, Ziwa Mendota halina wimbi. Limeganda kutoka ukingo hadi ukingo, na barafu yake inapotanuka na kusinyaa hutoa mlio mzito unaosikika mbali, kama ngoma iliyopigwa chini ya ardhi. Kabla ya tanga lolote kupandishwa, mtu mmoja hutangulia akiwa na mtaimbo. Hugonga, husikiliza, hutoboa tundu, kisha hupima unene kwa rula. Barafu angavu isiyo na theluji ndani yake, yenye unene wa sentimita 10 hivi, humbeba mtu anayetembea. Barafu nyeupe, iliyotokana na theluji iliyolowa ikaganda tena, ina takriban nusu tu ya nguvu hiyo. Mtu huyo akirudi na kutikisa kichwa, hakuna atakayeshindana siku hiyo, hata awe amesafiri umbali gani.

Chombo kinachosubiri ukingoni kingetambuliwa haraka na mvuvi wa Bagamoyo au Lamu. Kiwiliwili chake ni chembamba, na ubao mrefu umekikata kwa upana, mfano wa ngalawa na mirengu yake. Tofauti ni kwamba mwishoni mwa ubao huo, kila upande, pamefungwa chuma chenye makali, na chuma cha tatu kiko mbele kikiwa ndicho usukani. Nahodha hulala chali ndani ya kiwiliwili, kichwa kikiwa kimeinuka kidogo tu, mkono mmoja ukishika usukani na mwingine kamba ya tanga.

Waholanzi walikuwa wakivifunga vyuma chini ya mashua zao tangu karne ya 17, ili biashara isikatike mifereji ilipoganda. Katika karne ya 19 matajiri waliokaa kandokando ya Mto Hudson, jimboni New York, waliugeuza usafiri huo kuwa mchezo wa fahari. Mashua ya John A. Roosevelt iliyoitwa Icicle ilizidi futi 60 kwa urefu, na mashua za aina yake zilishindana na magari moshi yaliyopita kwenye reli ya ukingoni. Mpwa wake, Franklin D. Roosevelt, alikuwa na mashua yake mwenyewe iitwayo Hawk, miaka mingi kabla hajaugua kupooza na kabla hajawa rais. Mchezo uliwafikia watu wa kipato cha kawaida mwaka 1937, pale karakana ya gazeti la Detroit News ilipotoa ramani ya mashua ndogo ambayo mtu angeweza kujiundia nyumbani: kiwiliwili futi 12, ubao futi 8, mlingoti futi 16, tanga futi za mraba 60. Inaitwa DN hadi leo, kwa herufi za gazeti hilo, na ndiyo iliyoenea zaidi duniani. Mabingwa wake hutoka Poland, Estonia, Sweden, Ujerumani na Marekani.

Jambo linalomshangaza kila anayeuona mchezo huu kwa mara ya kwanza ni kwamba mashua huuzidi mwendo upepo unaoisukuma. Upepo wa kilomita 25 kwa saa waweza kuifikisha DN kwenye kilomita 80 na zaidi. Siri imo katika msuguano. Jahazi baharini hutumia sehemu kubwa ya nguvu zake kuyasukuma maji yaliyo mbele yake, lakini chuma juu ya barafu hakisukumi chochote, na makali yake huizuia mashua isisogee kiubavu. Kadiri mashua inavyokwenda ndivyo inavyojizalishia upepo wake yenyewe kutoka mbele, kama apatavyo upepo mwendesha baiskeli siku isiyo na upepo. Upepo huo huungana na ule wa kweli, tanga hupata nguvu zaidi, mwendo huongezeka, na mzunguko huo huendelea mpaka pembe ya upepo inapokuwa nyembamba mno kwa tanga kufanya kazi. Mashua ikiwa mwendoni haina breki ya kutegemewa. Nahodha huisimamisha kwa kuielekeza pua yake upepo unakotoka.

Mwendo huo una gharama zake kwa mwili. Mashindano huanza kwa mbio za miguu: washindani hujipanga mstarini, bendera hushuka, kila mmoja huisukuma mashua yake akiwa na viatu vyenye misumari, kisha hujirusha ndani. Dakika chache baadaye mashua kadhaa huenda zikakutana kwenye kona ya boya, kila moja ikija kwa kasi ya gari la barabara kuu. Ndiyo maana kofia ngumu huvaliwa, na sheria za nani ampishe nani hufundishwa kwa ukali usio na mzaha. Kisha kuna upepo wenyewe. Hewa ya nyuzi 10 chini ya sifuri za Selsiasi, ikimpiga mtu usoni kwa kilomita 60 kwa saa, huipoza ngozi kama hewa tulivu ya takriban nyuzi 23 chini ya sifuri. Ncha ya pua, masikio na vidole hubadilika rangi kuwa nyeupe na kufa ganzi. Sehemu iliyoganda haisuguliwi, wala haipakwi theluji kama watu wa zamani walivyoamini. Hupashwa moto kwa maji ya nyuzi 37 hadi 39, na hilo hufanyika tu pale ambapo hakuna hatari ya kuganda tena.

Hata hivyo, mabaharia wenyewe wakiulizwa wanachokiogopa, hawataji kugongana wala ngozi kuganda. Hutaja shimo. Ziwa haligandi kwa usawa: penye chemchemi, penye mdomo wa mto, penye ufa uliofunguka usiku, barafu huwa nyembamba ilhali kwa macho haitofautiani na nyingine. Mashua yenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Nahodha akiuona weusi wa maji mbele yake, mara nyingi ameshachelewa.

Watu wengi hudhani kwamba anayetumbukia katika maji ya nyuzi sifuri hufa kwa kupoteza joto. Dhana hiyo ina ukweli, ila imeuweka ukweli huo mahali pasipo pake. Joto la ndani la mtu mzima aliyevaa nguo huchukua muda kushuka. Kinachotangulia ni pumzi. Ngozi inapopoa ghafla, vipokezi vyake hupeleka taarifa kwenye shina la ubongo, na mtu huvuta pumzi moja kubwa ya kushtuka asiyoweza kuizuia. Pumzi hiyo yaweza kubeba lita 2 au zaidi. Ikivutwa kichwa kikiwa chini ya maji, kinachoingia mapafuni si hewa. Baada yake hufuata kuhema kwa kasi isiyo na mpango, mishipa ya ngozi hujibana, shinikizo la damu hupanda na moyo hukimbia. Aliyeweza kuibana pumzi kwa dakika nzima nchi kavu hushindwa kuibana hata kwa sekunde chache. Mwenye ugonjwa wa moyo usiojulikana huenda akaujua hapo, kwa namna mbaya.

Mshtuko huu hufikia kilele ndani ya nusu dakika ya kwanza, kisha hupungua. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, ambaye amejizamisha mwenyewe katika maji ya barafu mara nyingi kwa ajili ya utafiti, aliufupisha mfuatano mzima kwa tarakimu tatu ambazo sasa hufundishwa katika vilabu vingi: moja, kumi, moja. Dakika 1 ya kuitawala pumzi. Dakika 10 za mikono na miguu inayotii. Saa 1, takriban, kabla ya fahamu kupotea kwa baridi. Hesabu hizi ni za makadirio, nazo hubadilika kwa umri, unene na mavazi, lakini thamani yake iko katika kumwondolea mtu hofu. Anayejua kwamba ana dakika 10 hatazitumia zote katika dakika ya kwanza kwa kupigapiga maji na kupiga kelele. Hukaa ameelea, mdomo juu ya maji, akingoja pumzi irudi mikononi mwake. Jaketi la kuokolea maisha hufanya kazi hiyo kwa niaba yake, na kwa sababu hiyo hasa hulivaa hata waogeleaji hodari.

Kisha hugeuka kuelekea alikotoka. Barafu ya mbele hajaijaribu, ya nyuma ilimbeba. Shingoni mwa kila baharia huning'inia vishikizo viwili vya mbao vyenye misumari mikali. Huvikita kwenye barafu, hupiga miguu kwa nguvu mpaka mwili ulale juu ya maji, kisha hujivuta kwa tumbo mithili ya mamba anayepanda ukingo. Akishatoka hasimami, kwa maana kusimama huuweka uzito wote mahali pamoja. Hujiviringisha mpaka afike palipo imara. Na kama vidole vimeshakataa na hawezi kutoka, Giesbrecht anashauri jambo linaloonekana la ajabu: aache kuhangaika, ailaze mikono yake juu ya barafu na kuitulizia hapo, ili mikono ya nguo iliyolowa igande na kushikamana nayo. Akipoteza fahamu hatazama. Atapatikana.

Wenzake hawamkimbilii. Hutupa kamba, au husukuma ngazi, wakiwa wamelala kifudifudi. Mtu aliyekaa sana majini hutolewa akiwa amelazwa, si wima, kwani maji yalikuwa yakiikaza miguu yake na kuisaidia damu kurudi moyoni. Akiinuliwa wima ghafla, shinikizo la damu huweza kuporomoka na mtu aliyekuwa akizungumza akazimia. Nguo zilizolowa huondolewa, mwili hukaushwa na kufunikwa, na kiwiliwili hupashwa moto kabla ya mikono na miguu. Hapewi pombe, kwa kuwa huifungua mishipa ya ngozi na kuliachia joto lililobaki. Joto la ndani likiwa chini ya nyuzi 35, madaktari huiita hali hiyo haipothemia. Mgonjwa hutetemeka, huongea kwa kukwama, huangusha vitu. Kutetemeka kukikoma huku bado hajapashwa moto, hiyo si nafuu bali ni dalili ya hatari, na chini ya nyuzi 28 moyo waweza kuvurugika mapigo yake kwa mtikisiko mdogo tu.

Lakini baridi ina upande mwingine. Mwezi Mei 1999, karibu na mji wa Narvik nchini Norway, daktari kijana kutoka Sweden aliteleza kwenye skii akanaswa chini ya barafu ya kijito. Alipata mfuko wa hewa na kubaki na fahamu kwa takriban dakika 40, kisha moyo wake ukasimama. Alitolewa baada ya dakika 80, akakandamizwa kifua njia nzima ndani ya helikopta hadi hospitali ya chuo kikuu ya Tromsø. Joto la mwili wake lilikuwa nyuzi 13.7. Madaktari waliipitisha damu yake katika mashine ya kuipasha moto nje ya mwili, na baada ya saa nyingi za kazi moyo ulirudi. Alipona, akarudi kazini. Ubongo wake ulikuwa umepozwa kabla ya kukosa oksijeni, hivyo ulihitaji oksijeni kidogo mno. Kisa hicho kilipoandikwa katika jarida la Lancet mwaka 2000, kiliitia nguvu kanuni wanayoifuata madaktari wa nchi za baridi: aliyepoa hatangazwi kuwa amefariki mpaka apashwe moto kwanza, isipokuwa kuna sababu nyingine iliyo wazi.

Kwa mhudumu wa afya wa Afrika Mashariki haya si mambo ya mbali kama yanavyoonekana. Haipothemia anaikuta wodini, kwa mtoto mchanga aliyeachwa na unyevu mbele ya dirisha. Dawa ya kwanza ni ile ile, kukausha, kufunika na kumweka kifuani kwa mama. Anaikuta pia kwa wapagazi wa Mlima Kilimanjaro walionyeshewa mvua juu ya mstari wa miti. Na familia zinazozungumza Kiswahili, nyingi zikiwa zimetoka Kongo, sasa zinaishi Michigan na Wisconsin, ambako watoto huliona ziwa jeupe nyuma ya shule na kudhani ni uwanja.

Hatari hiyo inaongezeka. Watu wa Madison wameandika tarehe za kuganda na kuyeyuka kwa Ziwa Mendota tangu miaka ya 1850, na kumbukumbu hizo zinaonyesha majira ya barafu yakifupika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uliokusanya taarifa za nchi 10, ulionyesha kwamba vifo vya kuzama wakati wa baridi huwa vingi zaidi pale majira hayo yanapokuwa na joto kuliko kawaida. Barafu hubaki, ila si ile waliyoizoea wazee.

Kwa sababu hiyo waandaaji wa mashindano makubwa ya DN hawatangazi mahali mapema. Wapimaji hutumwa kwenye maziwa mbalimbali, na siku chache tu kabla ya mashindano ujumbe hutolewa: njooni ziwa fulani. Mabaharia huendesha magari usiku kucha, mashua zikiwa juu ya paa. Wakifika hushuka, huvaa viatu vya misumari, na hata wakiambiwa kwamba barafu ina unene wa sentimita 30, kila mmoja hupapasa shingoni kuhakikisha vishikizo vyake vipo.